Land Cruiser iliyotumika kwa njia ya Kasenga na Kilwa: ipi inunuliwe, na nini kibadilishwe

Mama mmoja mfanyabiashara wa hapa Lubumbashi, anayenunua samaki wakavu na mahindi kule Kasenga na Kilwa (ile ya Katanga, kando ya Ziwa Mweru, si ya pwani ya Tanzania) na kuvileta sokoni, ananiandikia kwamba amechoka kukodi magari ya watu na sasa anataka kununua Land Cruiser yake mwenyewe. Ameonyeshwa magari mawili. La kwanza ni pikapu ya HZJ79 iliyouzwa na kampuni ya machimbo baada ya kutumika kwa miaka kadhaa. La pili ni Land Cruiser 80 lililopitia Dar es Salaam, ambalo usukani wake umehamishwa kutoka kulia kwenda kushoto. Yote mawili yana injini ya 1HZ inayotumia mazuti, yaani dizeli. Muuzaji amemshauri kwamba, lolote atakalochagua, aliinue kwa sentimita 10, alivalishe matairi ya inchi 35, aliongezee tabo (turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi) na kulifungia keria kubwa juu ya paa. Anauliza achukue lipi, akague nini kabla ya kutoa fedha, na katika mambo hayo manne afanye lipi.

Mama, kwa kazi uliyoieleza chukua pikapu, mradi chasisi yake ivuke ukaguzi nitakaoueleza hapa chini. Katika mabadiliko manne uliyoshauriwa, matatu uyaache kabisa, na lile la kuinua ulifanye kwa nusu tu, tena baada ya kuliendesha gari msimu mmoja wa mvua likiwa kama lilivyotoka kiwandani.

Sababu ya kuchagua pikapu ni mzigo. Land Cruiser 80, iliyotengenezwa kuanzia 1990, ina springi za kuzunguka mbele na nyuma, nayo ilikusudiwa kubeba watu kwa raha katika njia mbaya. Gari lenyewe ni zito, kwa hiyo uzito unaobaki kwa ajili ya mzigo haupiti sana ule wa watu wanane na mabegi yao. Ukilipakia magunia ya mahindi hadi darini, litakwenda, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, kwa kuwa halikatai siku hiyo. Linalipiza baadaye kwa springi zilizolala, bushi zilizokatika na breki zisizoshika kwenye mteremko. HZJ79, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1999, ina springi za kuzunguka mbele, lakini nyuma ina springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka kwa tabaka, zile ambazo garaji zetu huziita lamu. Hizo zilitengenezwa kwa ajili ya mzigo. Kadiria tani moja, yaani magunia kumi ya kilo 100, kisha usome uzito wa juu unaoruhusiwa kwenye karatasi za gari lenyewe badala ya kumsikiliza muuzaji. Raha ya safari utaikosa kidogo, hasa ukirudi Kasenga bila mzigo, maana nyuma itakuwa inaruka kwenye kila tuta.

Kuhusu injini sina neno baya. 1HZ ina silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, haina tabo, haina kompyuta, na pampu yake ya mazuti ni ya kimekanika, kwa hiyo fundi wa Likasi au wa Kilwa anaweza kuifungua na kuifunga bila kuunganisha chombo chochote cha umeme. Nguvu yake ni kama farasi 130, na kwa kuwa Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu hiyo inapotea kabla hujaondoka nyumbani. Gari halitakimbia. Usilinunue kwa kukimbia.

Sasa lile la 80 lililogeuzwa usukani, kwa sababu yako mengi yanayofanana nalo mjini, na bei yake huwavuta watu. Tanzania na Zambia huendesha kushoto, sisi huendesha kulia, kwa hiyo magari yanayoingia kwa Kasumbalesa yakiwa na usukani upande wa kulia hupelekwa garaji kugeuzwa. Namna ya kutambua ni rahisi: fungua boneti, tafuta kibao cha chuma chenye namba ya modeli, na utazame herufi inayofuata baada ya namba. Gari lililozaliwa na usukani wa kushoto huandikwa HZJ80L. Likiwa limeandikwa R, basi limekatwa. Likishakatwa, maswali ni mengi kuliko majibu. Sanduku la usukani limefungwa wapi? Kiwandani, upande linapokaa, chasisi huimarishwa kwa bamba la ziada; upande wa pili bamba hilo halipo, na fundi aliyechomelea sanduku hilo kwenye chuma chembamba ameacha ufa unaosubiri siku yake. Kisha kuna fimbo ndefu inayozuia ekseli ya mbele isiyumbe ubavuni: fimbo hiyo na ile ya usukani zinatakiwa zilale sambamba, na kama fundi amehamisha moja akaiacha nyingine, kila shimo litauvuta usukani mkononi mwa dereva. Hata taa zina kisa chake. Taa za gari la usukani wa kulia zikishushwa huelekeza mwanga upande wa kushoto, nasi kwetu kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Kwenye barabara ya Likasi usiku, katikati ya malori ya shaba, hilo si jambo dogo. Wako mafundi wanaoifanya kazi hii vizuri, lakini mnunuzi hana njia nyepesi ya kuwatofautisha na wengine, kwa sababu kasoro zote ziko chini ya rangi.

Turudi kwenye pikapu. Gari la machimbo lina sifa mbili zinazopingana. Kwa upande mmoja, makampuni makubwa hubadilisha oili na filta kwa ratiba, na ukiomba daftari la matengenezo mara nyingine utalipata. Ukilipata, lina thamani kuliko maneno yote ya muuzaji. Kwa upande mwingine, gari la mgodini husimama likiwa linanguruma saa nyingi, na kilomita za dashibodi hazihesabu saa za kusimama. Kwa hiyo kilomita 150,000 za mgodini si sawa na kilomita 150,000 za padri wa parokia. Usishtushwe na matundu kwenye paa na kwenye bampa, palipokuwa na taa ya kumulika na mlingoti wa bendera. Yazibwe tu ili maji yasiingie.

Ukaguzi wa chasisi ndio unaoamua kama utanunua au hutanunua. Mwombe muuzaji alipeleke gari mahali palipo na shimo la garaji au jeki nzuri, uje na fundi ambaye si rafiki yake, brashi ya waya, nyundo ndogo na tochi. Gari likiwa limepakwa chini rangi nyeusi iliyo mpya, ongeza wasiwasi badala ya kufurahi. Piga brashi mahali springi za nyuma zinaposhikana na chasisi, mbele na nyuma ya ekseli, kisha sehemu ya chasisi iliyo nyuma ya kabini, pale kabini inapoishia na sanduku la mizigo linapoanzia, kwa sababu hapo ndipo mzigo uliozidi huikunja. Malizia pale sanduku la usukani lilipofungwa. Ufa huanza kama uzi wa kutu mwembamba unaotoka kwenye tundu la boliti au kwenye mwisho wa mchomeleo, na mara nyingi huonekana kwa rangi yake ya kahawia kabla hujauona kwa umbo. Kuchomelewa tena si dhambi peke yake. Kitu kibaya ni bamba lililochomelewa kwa kukata chasisi wima kutoka juu hadi chini, maana chuma hukatika tena pembeni mwa mchomeleo huo huo. Gonga kwa nyundo: chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya debe.

Baada ya chasisi, ekseli ya mbele. Kila upande, nyuma ya gurudumu, kuna tufe kubwa la chuma linaloonekana uchi. Likigeuka pamoja na usukani, linapita ndani ya sili ya mviringo. Tufe linatakiwa liwe na utando mwembamba wa grisi, kama lililofutwa kwa kitambaa chenye mafuta. Likiwa limekauka na lina vidoti vya kutu, sili imekwisha zamani na vumbi limeshaingia. Likiwa linachuruzika uji mweusi mwepesi unaoshuka hadi kwenye rimu, basi oili ya difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawa mwendo kwa magurudumu) imevuja kupitia sili ya ndani na kuchanganyika na grisi, na kazi ya kufungua, kuosha na kufunga upya pande zote mbili haiepukiki. Kazi hiyo inafanyika vizuri hapa mjini na haipaswi kukukimbiza, ila iondolewe kwenye bei. Kisha inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise: likicheza, beringi zimelegea. Mwisho, katika uwanja mpana wa udongo, funga habu za mbele (vifungio vilivyo katikati ya magurudumu), weka gia ya magurudumu manne, kata usukani hadi mwisho na uende polepole. Mlio wa tak-tak-tak kutoka upande mmoja ni kiungo cha ndani kilichokwisha. Usilifanye jaribio hili kwenye lami, kwa kuwa pikapu hii haina difu ya kati, na magurudumu ya mbele na ya nyuma yakilazimishwa kuzunguka sawasawa kwenye kona kavu, mkazo wote unaishia kwenye gia na shafti.

Injini ikaguliwe asubuhi, ikiwa baridi. Weka mkono juu yake kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiamsha mapema kwa sababu anayoijua yeye. Ikishawaka, moshi mweupe kwa dakika moja ni wa kawaida katika baridi ya Juni, lakini moshi wa buluu unaoendelea ni oili inayoungua. Fungua kifuniko cha kujazia oili huku injini inanguruma polepole: kikitikisika kidogo ni sawa, kikirushwa na kutoa mvuke kama chungu, pete za pistoni zimechoka. Halafu fanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi. Injini ikiwa imezimwa, fungua mpira wa hewa unaotoka kwenye filta kwenda kwenye injini, yaani upande wa baada ya filta, upitishe kidole ndani. Kidole kikitoka safi, vizuri. Kikitoka na unga mwekundu, injini hiyo imekuwa ikila udongo wa Katanga, na hakuna rangi wala oili mpya itakayoirudisha. Mkanda wa taimingi wa 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika, vali hukutana na pistoni. Usipoonyeshwa ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haukubadilishwa, nao uwe kitu cha kwanza kununuliwa pamoja na rola yake.

Karatasi nazipitia haraka kwa sababu hapa hakuna ufundi, kuna macho tu. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, si ile ya kibao peke yake, isomwe herufi kwa herufi na kulinganishwa na carte rose (kadi ya usajili wa gari) pamoja na karatasi za forodha za DGDA. Eneo la namba likiwa na dalili za kusuguliwa au kuchomelewa, ondoka, hata kama bei ni nusu.

Tuje kwenye matairi ya inchi 35. Tairi la kiwandani la pikapu hii lina kimo cha takribani milimita 800. La inchi 35 lina milimita 889. Tofauti hiyo ni asilimia 11. Ekseli itapanda kwa sentimita nne na nusu, faida hiyo siikatai, lakini kila gia itakuwa imerefuka kwa asilimia 11 kwenye injini ambayo tayari mwinuko umeinyang'anya sehemu ya nguvu, na ikiwa na tani moja mgongoni utajikuta unapanda kilima kwa gia ya pili ulichokuwa ukikipanda kwa ya tatu. Dashibodi itaonyesha 80 wakati unakwenda 89. Breki zitahitaji nguvu zaidi kusimamisha gurudumu kubwa na zito, na zile beringi tulizozikagua zitabeba mkono mrefu zaidi. Jambo la mwisho ni la kibiashara: tairi likipasuka Kilwa, saizi ya kawaida, 7.50R16 au 235/85R16, utaipata au utaazima kwa mwenye gari kama lako, wakati ya inchi 35 utaisubiri kutoka mjini huku samaki wako wakinyeshewa. Chukua 235/85R16 yenye meno ya wastani, na nunua tairi la akiba la pili badala ya kupanua manne. Ukikwama kwenye tope au mchanga, punguza upepo hadi karibu bar 1.5, toka polepole, kisha ujaze tena kabla ya kuongeza mwendo. Kwa hiyo pampu ndogo ya umeme wa gari ina faida kubwa kuliko bampa la chuma lenye winchi.

Kuinua kwa sentimita 10 kunabadilisha mambo ambayo muuzaji hakuyataja. Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili mirefu, na chasisi ikipanda, mikono hiyo huizungusha ekseli kidogo, hivyo ile pembe inayoufanya usukani urudi wenyewe baada ya kona hupotea, na gari huanza kutangatanga barabarani. Mipira ya breki hukazwa hadi mwisho wake. Propela shafti hufanya kazi kwa pembe kali na kuanza kutetemeka. Kuna pia vali ndogo ya breki za nyuma, iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo, ambayo kazi yake ni kupima mzigo: nyuma ikilala, vali huelewa kwamba gari limepakia na huongeza breki za nyuma, nyuma ikiinuliwa, huelewa kwamba gari ni tupu na huzipunguza. Kwa hiyo umeliinua gari, umelipakia tani moja, na breki za nyuma zinafanya kazi kana kwamba hukubeba kitu. Nimeona pikapu nyingi mjini zilizoinuliwa bila mtu kugusa fimbo hiyo. Sentimita 5, zikifanywa kwa springi na shokapu zilizotengenezwa kwa uzito wako halisi, zinatosha, na fimbo ya vali irekebishwe siku hiyo hiyo. Kuweka vipande vya chuma kati ya lamu na ekseli ili kuinua kwa bei rahisi sikushauri. Lamu zilizochoka hubaki zimechoka, ila zimepanda juu.

Tabo kwenye 1HZ ni mjadala mrefu, na wako watu wanaoendesha nayo kwa miaka. Lakini tazama Toyota wenyewe walivyofanya. Walipotaka tabo kwenye injini ya ujazo ule ule walitengeneza 1HD-T, yenye mgandamizo wa 18.6 kwa 1, pistoni nyingine na namna nyingine ya kunyunyiza mazuti. 1HZ ina mgandamizo unaozidi 22 kwa 1, na mazuti yake huwaka kwanza katika vyumba vidogo ndani ya silinda hedi. Ukiongeza hewa na mazuti hapo, joto hupanda palepale penye chuma chembamba, na hedi hupasuka kati ya vali, hasa gari likiwa limebeba na linapanda kwa muda mrefu. Ndiyo kazi yako hasa. Fedha ya tabo itumie kusafisha rejeta, kupima nozeli na pampu, na kurekebisha nafasi ya vali. Utarudishiwa nguvu ambayo gari lilikuwa nayo, na mara nyingi hiyo ndiyo iliyokuwa inakosekana.

Keria ya paa ya nini kwenye pikapu yenye sanduku la mizigo?

Yapo mabadiliko ambayo muuzaji hakuyataja na ambayo ningeyafanya kabla ya safari ya kwanza. Bomba la kuvutia hewa lipandishwe hadi usawa wa paa. Watu hulifunga kwa kuogopa maji, lakini kwetu faida yake kubwa ni miezi ya Mei hadi Oktoba, ambapo vumbi la lori lililo mbele hutanda chini na hewa ya juu huwa safi zaidi. Matundu ya kupumulia ya difu zote mbili na ya gia boksi yaunganishwe mipira mirefu hadi juu ya injini, kwa sababu difu yenye joto ikizama kwenye maji baridi huyafyonza kupitia sili, na oili hugeuka kuwa kama chai ya maziwa. Filta ya pili ya mazuti, yenye kikombe cha kutenganisha maji, ifungwe mahali unapoweza kukifungua kwa mkono, maana mazuti ya bidoni ya njiani huwa na maji. Shokapu zote nne ziwe mpya: njia ya Kasenga ikikauka hujikunja mawimbi, na shokapu zilizochoka huyahamishia mawimbi hayo kwenye chasisi uliyoikagua kwa jasho.

Tenga robo ya fedha zako kwa kazi hizi na usizimalize zote kwenye ununuzi. Na pikapu ikionekana ina ufa kwenye chasisi, usilirudie lile la 80 kwa hasira ya kukosa. Subiri nyingine, au tafuta HZJ75 ya miaka ya 1990 yenye usukani wa kushoto wa kiwandani: ina injini hiyo hiyo na lamu mbele na nyuma, ni ngumu zaidi mwilini kwa dereva, lakini inabeba, na kwa kuwa wanunuzi wengi wanakimbilia umbo jipya, bei yake hujadilika.